Mtoto Anayecheza Mpira na Afya Yake



Pita Magomeni, Mtwara, saa kumi na moja jioni. Utawaona watoto uwanjani. Wengine wana mpira wa dukani. Wengine wana chandimu, yaani mpira wa matambara na mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba. Wengi wapo pekupeku. Mmoja amevaa kiatu mguu wa kulia tu, kwa sababu kile cha kushoto amemwazima mwenzake. Hali ni hiyo hiyo Mikindani, Msimbati na vijiji vya karibu na mlango wa Mto Ruvuma.

Zamani mzazi alimchapa mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mpirani. Siku hizi mzazi huyo huyo humnunulia jezi. Mambo yamebadilika, na sababu tunazijua. Mwaka 2014 timu ya Ndanda ya Mtwara iliingia Ligi Kuu. Simba na Yanga wakaja kucheza hapa hapa kwetu, katika uwanja wa Nangwanda Sijaona. Ndanda ilikaa Ligi Kuu mpaka iliposhuka mwaka 2020. Wakati huo jirani zetu wa Ruangwa, mkoani Lindi, nao walikuwa wamekwisha kupanda na timu yao ya Namungo. Mwaka 2019 na mwaka 2021 mashindano ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyika Mtwara. Tena watoto wamesikia habari za Mbwana Samatta. Kijana huyo alianzia Mbagala, na mwaka 2020 akafunga bao katika uwanja wa Wembley, Uingereza.

Kwa hiyo kila mtoto anataka kuwa Samatta. Si vibaya. Mchezo hujenga moyo, mapafu na misuli, na huondoa uvivu. Lakini mtoto anayecheza kila siku anatumia mwili wake kuliko mtoto anayekaa barazani. Anahitaji chakula zaidi, maji zaidi na usingizi zaidi. Je, tunampa?

Tuanze na chakula. Mpira huchezwa kwa miguu, lakini nguvu ya miguu hutoka jikoni.

Huku kwetu chakula kikubwa ni ugali wa muhogo. Muhogo hutia nguvu ya kukimbia, kama mafuta ya taa yanavyowasha koroboi. Lakini haujengi mwili. Misuli hujengwa na samaki, dagaa, mayai, maziwa, kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe na karanga. Mtoto anayekula ugali na mchuzi mtupu atakimbia leo, na kesho pia atakimbia. Baada ya miezi utaona habebi nyama mwilini, vidonda vyake haviponi haraka, na shuleni anasinzia. Bakuli la kunde na dagaa kiganja kimoja si gharama kubwa kwa watu wa pwani. Hata ming'oko ya kuchemsha ni chakula kizuri, lakini nayo ni kama muhogo. Inataka mwenzake.

Na korosho je? Tunazilima, tunazipima, tunaziuza. Watoto wetu wanazijua kwa kuziokota tu. Gramu 100 za korosho zina karibu gramu 18 za chakula cha kujenga mwili. Zina pia madini ya chuma yanayotengeneza damu. Ukibaki na kilo chache kwa ajili ya nyumba yako hujapata hasara. Angalizo ni moja tu: mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake hudhuru macho. Mtu mzima ndiye akaange, nje, mahali penye upepo. Mabibo nayo, wakati wa msimu, yana vitamini C nyingi. Vitamini hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika kunde na majani. Chai hufanya kinyume chake. Ukimpa mtoto chai ya rangi pamoja na chakula, unazuia chuma kuingia mwilini. Chai ingoje saa moja hivi baada ya kula.

Sasa nisikilize vizuri juu ya muhogo, maana jambo hili linahusu miguu yenyewe.

Muhogo mchungu una sumu. Mababu waliijua, ndiyo maana waliuloweka au kuuvundika siku kadhaa kabla ya kuuanika. Mwaka wa ukame sumu huongezeka, na ndio mwaka huo huo ambao njaa hufanya watu wawe na haraka. Wanautwanga muhogo mbichi, wanauanika juani siku hiyo hiyo, na kesho yake wanasonga ugali. Unga wa namna hiyo wengine huuita chinyanya. Mwaka 1988 watu wa Wilaya ya Masasi waliugua ghafla kwa kula muhogo usiotayarishwa vizuri. Walitapika, waliumwa kichwa na kupata kizunguzungu.

Kuna ubaya mwingine mkubwa kuliko huo. Mtu akila sumu hiyo kidogo kidogo kwa majuma mengi, na hapati samaki wala kunde, anaweza kupata ugonjwa uitwao konzo. Konzo huja ghafla. Mtoto analala mzima. Asubuhi miguu yote miwili imekakamaa na hawezi kutembea sawasawa. Miguu hiyo hairudi kama zamani maisha yake yote. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Si habari ya mbali. Kati ya mwaka 2001 na 2004 ugonjwa huu uliwapata watu katika vijiji vya mkoa wetu wa Mtwara, na pia Wilaya ya Mbinga. Watu wengine walidhani ni uchawi.

Konzo haina dawa ya kuiponya, lakini kuizuia ni rahisi. Ukiwa na nafasi, menya muhogo, uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, halafu uanike. Kama tayari una unga na una wasiwasi nao, fanya hivi. Tia unga katika bakuli au sufuria. Weka alama pale unga ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kumimina. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi. Usizidi unene wa kidole kimoja chembamba. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka na kwenda na hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Samaki au kunde utakazoweka pembeni nazo zinasaidia, kwa sababu mwili huhitaji chakula cha kujenga mwili ili uweze kuiondoa sumu iliyobaki. Hii ndiyo maana nilisema muhogo unataka mwenzake.

Haya, mtoto amekula. Ameingia uwanjani. Sasa adui ni joto.

Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya pwani yetu ina joto na unyevu. Jasho hutoka lakini halikauki, na mwili haupoi. Zamani makocha wengi, hapa kwetu na hata Ulaya, waliwakataza wachezaji kunywa maji wakati wa mazoezi. Walidhani maji huleta uzito tumboni na kuzoesha uvivu. Sasa imejulikana kwamba katazo hilo lilikuwa na madhara. Mtoto anywe maji safi kabla ya kucheza. Akiwa anacheza anywe nusu kikombe hadi kikombe kimoja kila baada ya dakika 20. Asingoje kiu. Mwambie aangalie mkojo wake: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa kama chai, hayatoshi. Vinywaji vya makopo vinavyoitwa vya kuongeza nguvu si vya watoto. Vinaamsha moyo mbio, na fedha yake ingenunua dagaa wa siku mbili.

Mazoezi yafanyike asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, atoke akae kivulini. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka mwili ukiwa wa moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mvue jezi, mwagie maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali mara moja huku mkiendelea kumwagia maji. Na mtoto mwenye homa asicheze hata kama fainali ni leo. Ampime kwanza mganga wa zahanati, maana malaria bado ipo kwetu.

Tuje kwenye mifupa. Mifupa ya mtoto si mifupa ya mtu mzima iliyopunguzwa. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini, kama gegedu unayoitafuna kwenye kidari cha kuku. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Misuli ya paja imeshikilia hapo chini kidogo ya goti. Mtoto akipiga mashuti na kuruka kila siku bila kupumzika, misuli huvuta sehemu hiyo mpaka inavimba. Wengi wenye umri wa miaka 10 hadi 15 huota kinundu chenye maumivu chini ya goti. Wadogo zaidi huumwa kisigino. Hawajarogwa, wala kamati ya ufundi haihusiki. Wamechoshwa. Dawa yake ni kupunguza mchezo mpaka maumivu yaishe, halafu kurudi polepole.

Kiasi gani kinatosha? Kipimo chepesi ni hiki: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 10, saa 10. Hesabu zote pamoja, za shule, za mtaani na za timu. Apate angalau siku moja nzima ya kupumzika kila wiki. Usiku alale. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwili hujijenga wakati wa kulala. Mtoto anayekesha kwenye banda la video akitazama ligi za Ulaya hajifunzi soka kiasi anachodhani.

Akiteguka kifundo cha mguu, usikichue kwa nguvu na usikikande kwa maji ya moto siku hiyo. Ndani damu inavuja, na moto huizidisha. Loweka kitambaa katika maji baridi, kiweke juu ya uvimbe dakika 15 hadi 20, kisha rudia mara kadhaa. Funga kitambaa bila kukaza sana. Mlaze mguu ukiwa juu ya mto. Kama hawezi kukanyaga hata hatua nne, au mguu umepinda, huenda mfupa umevunjika. Mpeleke kituo cha afya, na kama ni lazima afike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Wazee wetu wanaounga mifupa wana heshima yao, lakini banzi likikazwa kupita kiasi huzuia damu, na watoto wamekatwa miguu kwa sababu hiyo. Vidole vikiwa baridi, vyeusi au vimekufa ganzi, fungua mara moja. Na mtoto aliyegongwa kichwa akazimia, au akasahau ilivyotokea, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona.

Jambo hili la mifupa linatufikisha kwenye jambo ambalo wazazi na viongozi wa timu hawapendi kulisikia. Nalo ni kudanganya umri. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 ilikuwa imefuzu kwenda mashindano ya Afrika. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Kongo Brazzaville waliondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji wao ambaye hakufika kupimwa, na Serengeti Boys wakachukua nafasi yao kwenda Gabon. Siku hizi kuna mashine inayopiga picha mfupa wa kifundo cha mkono. Ile sehemu laini niliyoitaja ikiwa imekwisha kuwa ngumu na kuungana, mashine inaonyesha kwamba kijana amevuka miaka 17. Cheti unaweza kukiandika upya, kifundo cha mkono huwezi.

Lakini mimi sisemi kwa ajili ya kikombe. Nasema kwa ajili ya mtoto. Kijana wa miaka 19 akiandikwa 14, atagongana na mtoto wa miaka 14 wa kweli. Mfupa mgumu utagonga mfupa laini. Atakayebebwa kwenda hospitali unamjua.

Sasa moyo. Mwaka 2003 mchezaji wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani huko Lyon, Ufaransa, akafa. Alikuwa na miaka 28. Hapa nchini, Desemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, naye akafariki. Matukio haya ni machache, lakini mara nyingine dalili hutangulia. Mtoto akizimia wakati anakimbia, akiumwa kifua akicheza, akichoka kuliko wenzake wote, au kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla, apimwe na daktari kabla ya kuendelea. Usiongoje msimu uishe.

Kuna ugonjwa wa moyo ambao huanza kooni. Mtoto anaumwa koo na homa, anapewa maji ya chumvi, anapona. Baadaye viungo vinavimba, mara goti, mara kiwiko. Watu wanasema ni mpira. Kumbe mwili unapigana na wadudu wale wa koo na unaumiza moyo wake wenyewe. Koo lenye homa litibiwe zahanati, na dozi ya dawa imalizwe. Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza kidogo, lakini asishindane mpaka kuchoka kabisa, anywe maji mengi, na daktari wake ajue kwamba anacheza.

Mtu akianguka uwanjani bila kugongwa, haitiki, wala hapumui, kumwagia maji hakumsaidii. Mlaze chali. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, kifua kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache. Ukichoka, mwingine apokee, huku gari likitafutwa. Kila timu iwe na watu wawili waliofundishwa jambo hili na mganga wa zahanati.

Wasichana nao wanacheza. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, wakafika robo fainali. Huku kwetu msichana akitoka unyagoni mara nyingi huambiwa mpira basi, sasa amekua. Mwili wake haujakataa. Anachohitaji ni chakula cha kutengeneza damu, kwa kuwa anapoteza damu kila mwezi: kisamvu, mchicha, dagaa, maini, kunde. Akiwa na viganja vyeupe, moyo unamwenda mbio na anachoka upesi, apimwe damu na minyoo. Msichana ambaye hedhi yake imekatika miezi mitatu naye apelekwe kwa mganga bila kwanza kugombezwa. Yawezekana ni mimba, na yawezekana anacheza sana huku anakula kidogo. Wavulana waliotoka jandoni nao wasikimbilie uwanjani. Kidonda kipone kabisa, na mganga aseme ndiyo.

Mwisho ni uwanja wenyewe. Kabla ya mchezo wachezaji wajipange mstari mmoja, watembee kutoka goli hadi goli, waokote chupa, miiba, mifupa ya samaki na misumari. Mguu uliochomwa na msumari uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akaulizwe habari za chanjo ya pepopunda. Wanaocheza pekupeku kwenye mchanga wanaokotwa na funza na minyoo ya safura, kwa hiyo choo kitumike na mtu asijisaidie nyuma ya goli. Magoli ya miti yachimbiwe chini. Goli la chuma lisilofungwa huanguka, na watoto hupenda kuning'inia.

Jioni ya leo nenda uwanjani kwenu. Usiende kutazama mabao. Tazama kama kuna ndoo ya maji yenye kifuniko, vikombe na kitambaa safi pale pembeni, na uliza ni zamu ya nani kuileta kesho.